Mstari Uliotoweka kwa Kunyooka

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi, ukizimaliza nina nyingine. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Shemeji ameacha kukoroma, au majirani bado wanalalamika? Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa kidogo na hataki kusikia habari za daktari.

Dada, nina habari, hata kalamu siiwezi! Unajua nilikuwa kwenye majaribio katika ile ofisi ya kutengeneza tovuti. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuamuliwa: niajiriwe au nirudi kukaa nyumbani.

Nilipewa kazi ya kuchora gauni na jina la duka kwa ajili ya tovuti ya fundi anayeshona magauni ya harusi. Michoro yetu huandikwa kwa maneno na namba. Unataja rangi ya kuanzia, rangi ya kuishia na upande zinakoelekea, kompyuta inazichanganya yenyewe, zambarau ikififia taratibu hadi waridi. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilipiga kelele, wenzangu wakadhani nimeona panya.

Basi, gauni likatoka, linameremeta. Lakini uzi mnyoofu niliouchora chini ya jina la duka, nilipoutia rangi hizo, ukatoweka! Nikaupa rangi moja, huo hapo. Nikarudisha mbili, haupo. Bosi wetu, tunayemwita Miwani, akachungulia.

"Bibie, fundi anakuja mchana. Uzi wake uko wapi?"

"Uko njiani, bosi."

Njiani wapi! Nikauinamisha uzi upande mmoja kidogo tu, ukatokea. Hapo nikaelewa. Rangi zile hupimwa kwa upana na kimo cha kitu chenyewe, na unene wa mstari hauhesabiwi. Uzi uliolala umenyooka kabisa hauna kimo, kwa hiyo rangi hazina pa kukaa. Nikaufuta, nikachora mstatili mwembamba mahali pake. Zambarau hiyoo mpaka waridi! Nilicheza nikiwa nimekaa.

Fundi alipofika aliufuata uzi kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta mpaka mwisho. "Huu nautaka hata kwenye mifuko yangu," akasema.

Miwani hakunisifu, si kawaida yake. Ofisini kwetu watu wa majaribio hunywea glasi za wageni, waajiriwa wana vikombe vyao. Tulipokuwa tunafunga akaniambia, "Jumatatu uje na kikombe chako."

Dada, nimeajiriwa! Nimelia kama mtoto. Na Mama ametoa kabatini kikombe cha marehemu Baba, kile tulichokatazwa hata kukigusa, amekiosha na kunifungia kwenye gazeti.

Nisalimie Shemeji na wale mapacha watundu. Mungu akutunze huko, akurudishe salama tukuone.

Wako akupendaye hata ukinikatia simu,
Kitindamimba