Mpinzani Niliyemtafutia Rajabu

Jumapili, Kasulu.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Duka sijafungua. Nimekaa jikoni, simu nimeizima, maana kila anayepiga anauliza swali lile lile: imekuwaje pambano halikuwepo?

Nitaandika hapa yote, mara moja, halafu asiniulize mtu tena.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Rajabu ni mdogo wangu, bondia. Baba yetu alikuja huku kutoka Tanga na majora ya vitambaa, akaoa, akazikwa hapa hapa. Mama alipomfuata, Rajabu alikuwa bado shule ya msingi, nikamlea mimi. Ndiyo maana meneja wake ni mwanamke muuza vitenge. Wanaocheka na waendelee kucheka. Hakuna mwingine aliyejitokeza.

Ana miaka thelathini na nne. Kwa ngumi, huo ni uzee. Maisha yake yote amepigana kwenye viwanja vya shule na kumbi za harusi, mara nyingine taa zikizimika katikati ya raundi. Safari hii, kwa mara ya kwanza, wakubwa wa ngumi wa Dar walikubali kumtuma mtu wao aje kumtazama akipambana na bondia wa Morogoro, kijana mwenye jina. Akifanya vizuri, anaitwa Dar kugombea mkanda wa taifa. Pambano lilikuwa liwe jana, ukumbini hapa mjini. Mabango tulibandika mpaka Buhigwe.

Alhamisi asubuhi meneja wa yule kijana wa Morogoro akapiga simu. Bondia wake amevunjika kidole mazoezini. Aliniambia pole mara nyingi mpaka nikatamani anitukane.

Nikampigia mtu wa Dar. Naye hakufoka. Alisema yuko njiani tayari. Nikipata mpinzani mwingine wa uzito ule ule, anayejua ngumi kweli, ataangalia na atapeleka ripoti. Nisipopata, atageuza, na nafasi itakwenda kwa bondia wa Tabora.

Rajabu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikwenda kuruka kamba.

Nilipanda mchomoko, teksi yetu ya kuchangia, tumebanana nyuma na magunia ya maharage, nikaenda Kibondo. Kulikuwa na bondia mmoja kule aliyewahi kumsumbua Rajabu sana. Nikamkuta ameokoka, ameacha ngumi, anaimba kwaya. Mama yake alinikaribisha uji, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba hata nikilala pale uani, mwanawe harudi ulingoni. Nikaelekezwa Mabamba, kuna mtu huko ana nguvu za ajabu, anabeba magunia mawili kwa pamoja. Nikaenda. Kweli ana nguvu. Lakini hajawahi kuvaa glovu, na aliponionyesha anavyorusha ngumi alifumba macho.

Nilirudi Kasulu mikono mitupu. Kocha wa Rajabu, mzee Nzobonaliba, alinikuta barazani.

"Yupo Mkongo mmoja Nyarugusu," akasema. "Byamungu. Fundi viatu. Anafundisha vijana ngumi kule kambi ya wakimbizi. Nilimwona mwaka juzi, mama, huyo mtu anajua."

Ijumaa asubuhi tulikuwa Nyarugusu. Byamungu alikuwa anashona soli ya kiatu cha mtoto. Mwembamba, mabega mapana, anaongea taratibu. Nilipomweleza, mkewe Furaha aliweka chini beseni la mboga na kumtazama. Yeye hakumtazama mkewe.

"Miye niko boksere wa Uvira," akasema. "Huku watu wanajua tu viatu. Nitakuja, mama."

Sikuuliza mengi. Nakiri hapa: sikutaka kuuliza. Msimamizi wa michezo wa kambini alihangaika na kibali cha kutoka, na mchana kikapatikana. Uzito ulilingana. Nilicheka peke yangu garini kama mwehu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Jioni Kocha aliwakutanisha kidogo kwenye uwanja wa mazoezi, wakanyoosha mikono bila kuumizana, mtu wa Dar akiangalia kwa mbali. Alitikisa kichwa kukubali. Huyu anafaa, akasema. Rajabu alirudi nyumbani akipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu mama afariki.

Byamungu na mkewe walifikia kwangu. Nikapika wali na maharage. Nilimletea Byamungu chai nikitokea upande wake wa kushoto, nikasimama na kikombe. Hakupokea. Nikadhani ana mawazo. Nikakisogeza karibu zaidi, karibu na shavu kabisa. Hakuona. Mpaka niliposema "karibu chai" ndipo akageuza kichwa chote, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma.

Furaha alikuwa ameinamisha uso kwenye sahani yake.

Nilirudi jikoni, nikatoka tena na kanga mkononi, nikaipunga polepole upande ule ule. Jicho lake lilikuwa zuri, jeusi, safi kama jicho la mtu yeyote. Halikufuata chochote.

"Mama," akasema, bila kugeuka, "nimesikia nguo yako."

Nikakaa chini. Nikamuuliza limeanza lini.

"Kule Uvira. Ngumi. Giza ikakuja pole pole, ikabaki." Akaweka kikombe. "Usiseme. Nakuomba. Ile jicho iko yangu, haiko yako."

"Na likipigwa lililobaki?"

"Hawatapiga. Miye najua kujifunika." Kisha akasema kitu ambacho bado kinanichoma: "Kule kambini watu wananiita mkimbizi miaka yote. Kesho mtu mmoja ataniita kwenye maiki kwa jina langu."

Nilinyamaza.

Niliswali Isha nikiwa sijui nimesema nini. Nilijiambia yeye ni mtu mzima. Nilijiambia amekuja kwa miguu yake. Nilijiambia Rajabu ni bondia muungwana. Kila nilichojiambia kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichonipa usingizi.

Jana asubuhi kupima uzito kulifanyika ukumbini. Watu walikuwa wamejaa tayari, waendesha bodaboda, wauza samaki, hata walimu. Rajabu alipanda kwenye mzani, wakashangilia. Byamungu akapanda, na kundi la Wakongo waliopata kibali wakamwimbia kwa sauti moja. Alitabasamu kama bwana harusi.

Daktari alimpima presha, akasikiliza moyo, akabonyeza vidole vya mikono. Alimwuliza kama ana tatizo lolote. Hana. Daktari akashika kalamu atie sahihi.

Wakati huo nilimwona Furaha. Kulikuwa na ngazi mbili za kushuka kutoka jukwaani, na Furaha alikuwa amejisogeza kimya kimya, amesimama upande wa kushoto wa mumewe, mkono umeshika kiwiko chake, tayari kumwongoza ashuke. Watu wangedhani ni mapenzi. Alimwongoza kama mtu anavyomwongoza bibi yake kuvuka barabara.

Nikasikia sauti yangu.

"Daktari, mpime macho."

Ukumbi haukusikia, lakini Rajabu alisikia. Mtu wa Dar alisikia. Byamungu alinitazama kwa jicho lile moja, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu.

Daktari alimziba jicho la kulia kwa kiganja, akanyoosha mkono mwingine mbele yake.

"Vidole vingapi?"

Byamungu alifikiri.

"Bitatu," akasema.

Daktari alikuwa amekunja ngumi.

Hapakuwa na pambano tena. Mtangazaji alipotamka, watu walianza kwa kuguna, halafu viti vikaanza kuruka. Mtu alinirushia chupa ya maji. Wengine walisema nimenunuliwa na watu wa Tabora. Mtu wa Dar aliniambia kwamba nilifanya sawa, akanipa mkono, akapanda gari lake. Alikuwa na adabu hadi mwisho. Nafasi ya Rajabu akaondoka nayo.

Nilimfuata Byamungu nje. Alikuwa anafunga kamba za viatu, ameinama. Niliita jina lake mara mbili. Furaha ndiye aliyejibu.

"Tuache tu, mama. Kule kambini wote wanatungoja watusikie kwenye redio. Miye nitasema nini?"

Nilikuwa nimetegemea, ndani kabisa, kwamba angalau yeye angenishukuru. Nimeona aibu kwa kutegemea hivyo.

Rajabu nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa bado hajafungua bendeji za mikononi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Alivuta pumzi. "Ungesema jana, dada, labda tungetafuta mwingine. Ungenyamaza leo, ningepigana. Umechagua saa mbaya kuliko zote."

Nimelizungusha neno lake kichwani tangu jana, na kila ninapolishika linanikata. Ningesema Ijumaa jioni. Kwa nini sikusema Ijumaa jioni? Kwa sababu nilisikia mluzi. Basi. Nilitaka uendelee kidogo tu.

Na kama Furaha asingesogea pale ngazini? Ningenyamaza?

Nafikiri ningenyamaza.

Niliwahi kudhani najua mimi ni mtu wa namna gani.

Tangu jana Rajabu hajala wala hajatoka chumbani. Niliacha sahani mlangoni, paka akala. Asubuhi jirani yangu alipita na mwavuli, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye", kwa sauti ndogo kama mtu aliyekuja msibani, akaondoka bila kukaa.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikadhani nimemaliza. Kisha mlango wa chumba ukafunguka.

Rajabu aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akiwa amevaa koti la mvua kana kwamba alitaka kutoka akaghairi. Alitazama moto muda mrefu. Nilijifanya napanga vyombo.

"Ni jicho lipi?" akauliza.

"La kushoto."

Nilisikia mvua kwenye bati.

"Kocha aliliona," akasema.

"Aliona kwamba haoni?"

"Hapana. Aliona anachelewa kujikinga upande huo. Ijumaa baada ya mazoezi akaniita pembeni, akaniambia, mwanangu, mkono wako wa kulia ndio utakaomaliza kazi. Mpige hapo, mpige hapo hapo, usihame." Alifungua kiganja chake cha kulia, akakikunja tena. "Usiku kucha niliota napiga hapo. Nilikuwa na furaha, dada."

Sikuthubutu kumgusa.

"Asingeona hata ngumi moja ikija," akasema. "Ningepiga mpaka aanguke, na watu wangeshangilia, na mimi ningeruka juu ya kamba nikinyoosha mikono."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume wa miaka thelathini na nne, mabega yote yakitikisika ndani ya koti la mvua, na sikujua analilia nini: mkanda, au jicho la mtu, au umri wake. Labda na yeye hajui. Nilikaa naye chini. Hakuniambia amenisamehe. Mimi pia sikuomba.

Baadaye alikula kiporo cha wali, chote, akaomba chai.

Nafasi haitarudi. Nimeshapata habari kwamba bondia wa Tabora ameitwa. Kocha anasema tusikate tamaa, lakini anasema akitazama pembeni. Kesho nitafungua duka na watu watakuja, si kununua, kunitazama. Sijui nitasimamaje pale nyuma ya meza.

Lakini kabla ya duka kuna safari. Rajabu amesema anataka kwenda Nyarugusu kumwona Byamungu, amshike mkono na kumwita kwa jina lake mbele ya vijana anaowafundisha. Nimesema nitakwenda naye. Inawezekana akatufungia mlango. Ana haki ya kutufungia.

Tutakwenda hivyo hivyo.