Mwalimu wa Kundi Hayupo Hewani

Jumatano, 27 Agosti 2025
Nimejiandikisha. Mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo – Jumamosi, tarehe 18 Oktoba. Sijamwambia mtu. Miaka kumi na moja niko hapa Wandegeya, jirani na chuo kikuu, nachapa tasnifu za watu, nawasahihishia hata tahajia, nazijalidi kwa jalada la bluu, wenyewe wanaenda kuvaa joho. Mimi hesabu ya kidato cha nne nilipata D ya kujikokota, nikavuka mpaka kutoka Bungoma kuja kutafuta kazi.
Leo nimeingia kundi la WhatsApp la watahiniwa. Tuko mia moja na tisa. Msimamizi anaitwa Mwalimu Abdul-Latif: picha ya mzee mwenye kofia na ndevu nyeupe. Sheria ya kwanza ya kundi: marufuku kutuma salamu za asubuhi zenye maua. Nimempenda papo hapo.

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mzee ni mkali. Kila asubuhi saa moja anatuma swali moja na video moja ya kulieleza. Ukitoa jibu bila kuonyesha njia, anakuandikia: "Limeshuka kutoka mbinguni?" Hatumi sauti hata siku moja. Anaandika tu.
Leo zamu ya kukaripiwa ilikuwa ya Onen. Huyu ni mlinzi wa duka la vipuri, zamani alikuwa jeshini, ana miaka hamsini na miwili. Yeye haandiki, anatuma sauti, na honi za magari ndani yake. Amesema, "Mwalimu, mimi hii kitu ya asilimia naogopa kuliko risasi." Mwalimu akajibu: "Risasi hairudiwi. Swali linarudiwa. Rudia."
Nimecheka mpaka mteja akauliza kama karatasi zake zina kichekesho.

Jumatano, 10 Septemba 2025
Mwalimu ameniomba nichape mitihani ya zamani. Nimempa boda aipeleke Kibuli, nyuma ya msikiti. Juu ya bahasha nimeandika "Mheshimiwa Mwalimu", kwa mwandiko wangu wa sherehe.
Baadaye kaniandikia pembeni: "Rosebella, wewe huulizi. Anayejua yote haji kwenye kundi hili." Aibu! Nikauliza kile kinachonitesa tangu shule: kitu kikipungua asilimia ishirini, kisha kikaongezeka asilimia ishirini, mbona hakirudi pale pale? Kanitumia video ya TikTok ya mama mmoja anayefundisha kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Nimeitazama mara sita. Karibu nielewe. Karibu.

Jumanne, 16 Septemba 2025
Hakuna swali leo. Jana pia hakuna. Ujumbe wangu una tiki moja tu.

Ijumaa, 19 Septemba 2025
Kundi limechanganyikiwa. Mmoja kaandika sala ya marehemu, eti huenda ikahitajika. Mwingine kauliza mazishi ni wapi. Onen katuma sauti: "Tusizike mtu bila mwili." Na maua ya salamu za asubuhi yamerudi kama magugu baada ya mvua.
Imebaki mwezi mmoja kasoro siku moja. Nimemtafuta yule boda. Anaikumbuka nyumba.

Jumapili, 21 Septemba 2025
Kibuli. Mlango umefunguliwa na mama mmoja, Zuleika, mkononi ungo wa mchele. Nikasema namtafuta Mwalimu Abdul-Latif. Akaniangalia sana.
"Huyo ni baba yangu. Mungu amrehemu, huu mwaka wa nne."
Nimekaa bila kukaribishwa. Nikauliza, na zile karatasi nilizotuma wiki iliyopita? Alipokea nani? Akasema ni binti yake, Shamirah. Miaka kumi na saba. Yuko Senior Five, yaani kidato cha tano, shule ya bweni, wamefungua Jumatatu. Na simu? Kafungua kabati – hii hapa, chini ya mashuka. Shuleni simu haziruhusiwi.
Tumeiwasha pamoja. Meseji zikamiminika kama mchele. Zuleika anasoma kwa sauti: Mwalimu shikamoo. Mwalimu tunakuombea. Mwalimu, jibu ni kumi na mbili au saba?
"Watu mia moja na tisa," akasema akicheka. "Huyu mtoto nikimtuma sukari anarudi na chumvi."
Halafu akaacha kucheka, akafuta kioo cha simu kwa leso, pale kwenye picha ya baba yake. Alifundisha hesabu miaka thelathini, kasema. Shamirah alikuwa anakaa chini ya meza yake.

Jumatatu, 22 Septemba 2025
Nimewaambia ukweli. Kisha watu sita wakatoka kwenye kundi kwa hasira. Mmoja kaacha neno kwamba yeye hafundishwi na mtoto. Onen naye: "Kumbe mimi nilichapwa na mtoto. Lakini ile fimbo ilikuwa mzuri."
Sasa nani aendelee?
Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kunakili, mteja anataka ukurasa wake upunguzwe hadi asilimia themanini. Nikabonyeza. Kisha kabadili mawazo, anataka nakala ile ndogo irudi ukubwa wa kwanza. Kidole kikabonyeza mia moja ishirini na tano. Chenyewe. Si mia moja na ishirini! Ukibonyeza hiyo, karatasi inarudi fupi – kila fundi wa Wandegeya anajua. Kwa sababu sasa unakuza kitu ambacho tayari ni kidogo.
Miaka kumi na moja nafanya hesabu na sikujua.
Nimejifungia chooni, nimetuma sauti. Dakika mbili na nusu. Onen kajibu, "Dada Rosebella, imeingia. Rudia tena kesho."

Alhamisi, 2 Oktoba 2025
Kesho hiyo imekuwa siku kumi. Asubuhi natuma swali, jioni natuma maelezo. Asilimia, sawa. Uwiano, sawa. Ila hesabu za seti zinatushinda wote. Nimempigia Zuleika. Kasema simu hairuhusiwi shuleni, lakini daftari halijakatazwa, na tarehe 11 ni siku ya kutembelea wanafunzi.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025
Niko shuleni, kwenye benchi, naandika hapa hapa.
Tumekuja watatu: Zuleika na kuku wa kukaanga, Onen na shati lililopigwa pasi mara mbili, mimi na madaftari kumi na manane ya kundi. Mlinzi wa lango kafungua kitabu chake cha wageni, kaniuliza kwa heshima ya Kiganda: "Nyabo, huyu mtoto ni nani wako? Dada? Shangazi?" Kabla sijajibu, Onen kasimama wima kama yuko gwarideni. "Sisi ni wanafunzi wake." Mlinzi katafuta mahali pa kuandika hivyo. Hapakuwepo. Kaandika "ndugu".
Shamirah ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Sweta imemzidi mikono. Alipoyaona madaftari alitaka kukimbia. Mama yake kamshika kola. Nikamuuliza, kwa nini picha ya babu?
"Msichana akisema 'rudia', watu wazima wanacheka," kasema akiangalia viatu. "Babu akisema, wanarudia. Na mimi nikifundisha ndiyo nakumbuka aliyonifundisha."
Onen kamwambia, "Mwalimu, sisi tumerudia."
Basi akaketi, akaomba kalamu nyekundu. Kipande kimoja cha kuku mdomoni, vingine vinapoa. Daftari la Onen limekwisha: saba kwa kumi, na Onen anawaonyesha wazazi wa watu wengine. Sasa ni langu. Imebaki wiki moja kamili, na mimi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.
Swali la kwanza, tiki. La pili, tiki. La tatu amelipita. Amelirudia. Anafuata njia yangu kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, bila kugusa karatasi. Ameacha kutafuna.
"Dada Rosebella," anasema, hajainua kichwa. "Jibu ni sawa, ila njia hii babu hakunifundisha. Hebu njoo hapa unionyeshe uliifanyaje –"