Mitalawanda ya Dada Mwanaesha

Jumatatu, mwezi 1 Mfunguo Pili

Umerudi? Tangu Ramadhani hujalifungua daftari hili, nafsi yangu, mwanamke mvivu wewe. Skuli hukupelekwa. Marehemu mama alikufundisha herufi za Kiarabu jikoni, ukingoni mwa sinia ya mchele, nawe waziacha zioze. Kaa. Andika.

Mahamri yamefura vizuri leo. Dada Mwanaesha hakula hata moja. Ana uvimbe tumboni. Daktari wa Kihindi atampasua Jumatatu mwezi 22. Ametuambia wazi: mwili huu ni dhaifu, ukilazwa hivi hivi chini ya kisu hautaamka. Tuna wiki tatu za kuutia nguvu. Atoke chumbani kwake, ghorofa ya kati, apande mpaka juu panapoanikwa nguo. Mara tatu kwa siku. Vidato kumi na vinane. Na avute pumzi ndefu mpaka mbavu zipanuke.

Mimi magoti yameniacha, sipandi. Niko chini jikoni. Nimemwamuru avae mitalawanda yake, viatu vya mti, nisikie kila hatua.

Jumatano, mwezi 3

Ko. Ko. Kimya kirefu. Ko. Nahesabu kwa tasbihi. Vidato tisa, akashuka. Nikapiga kelele ngazini: "Panda, bibi harusi!" Akajibu kutoka juu: "Ungekuwa mtu ungepanda wewe, kiwete!" Nilicheka. Kisha machozi yakaingia kwenye unga.

Jumamosi, mwezi 6

Wake wa binamu zetu wamekuja kutoka Tononoka na mabakuli ya uji. Ati namtesa mtu mzima. Ati mgonjwa hulala, watu wakamjulia hali. Ndivyo tulivyolelewa, najua. Hata Salma, mkaza mwanangu, mama wa wajukuu zangu, ananitazama kana kwamba kisu ni mimi. Yeye hamwachi dada ainue hata kikombe, humnywesha. Nimemwambia aache. Kasema, "Haya, mama."

Jumatano, mwezi 10

Kumi na vinane! Mara tatu! Alhamdulillahi. Hatua nyepesi, mbio mbio. Nimemtumia haluwa kwa mkono wa Salma.

Lakini tukizungumza ngazini sauti yake ni ndogo. Jana ilikuwa ndogo, leo ndogo zaidi. Sipendi.

Jumapili, mwezi 14

Mitalawanda yapanda. Na dada akohoa. Kikohozi chatoka dirishani kwake, upande wa uani. Hatua huko, kikohozi huku. Nilisimama na kijiko mkononi mpaka mahamri yakaungua.

Nimepanda kwa makalio, kinyumenyume, kidato kimoja kimoja. Mwaka mzima sijafika juu. Salma alikuwa ngazini, mitalawanda ya dada miguuni mwake. Dada kitandani. Mapaja yake yamekuwa kama mikono yangu. Siku nane hajasimama ila kwenda chooni, tena kwa kushikwa.

Nimemtukana Salma matusi nisiyoyaandika. Alilia tu. Alimwonea huruma, basi. Dada akasema, "Usimgombe mtoto wa watu. Nilimtuma mimi. Nilichoka, nawe husikilizi mtu, wasikiliza tasbihi."

Kweli tupu. Imenichoma.

Zimebaki siku nane. Nimehamia juu.

Jumanne, mwezi 16

Sote pekupeku. Salma mbele amemshika mkono, mimi nyuma na magoti haya. Vidato vinne. Jasho baridi, midomo kama majivu. Wa Tononoka nimewafungia mlango. Watanisema mpaka sokoni Marikiti. Waseme.

Alhamisi, mwezi 18

Sita. Nilimtuma mwanangu akaombe siku zaidi. Daktari kasema uvimbe haungoji.

Naogopa. Haya, nimeliandika. Naogopa.

Jumapili, mwezi 21

Kumi na kimoja. Cha mwisho aliusukuma mkono wangu, akapanda mwenyewe. Akakaa hapo hapo, akavuta pumzi mpaka nikaziona mbavu zikifunguka chini ya kanga. Akatazama vile saba vilivyobaki.

Nimemsuka nywele. Zimekuwa chache.

Jumatatu, mwezi 22

Gari limekuja asubuhi. Ameshuka kwa miguu yake, Salma ubavuni. Mlangoni hakugeuka. Mimi magoti yamefura, nimebaki.

Nyumba haina sauti. Mitalawanda nimeitia motoni, imechemsha chai. Nimepanda peke yangu mpaka kidato cha kumi na kimoja, nikakaa alipokaa. Saba viko juu yangu, jua limevipiga.

Adhuhuri imeadhiniwa. Hakuna aliyerudi na habari.

Sikia, mwanamke. Siku utakayolifungua tena daftari hili, kabla ya neno lolote andika dada amepanda vidato vingapi. Na uwe umeviona kwa macho yako.