Taa ya Njia ya Chooni

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na mguu haukuwashi sana ndani ya hiyo plasta. Usingizi unapata? Na yule jogoo wako mkorofi bado anawika kabla ya wakati? Sisi huku ni wazima. Duka linaenda, vumbi la Msimbazi ni lilelile, na kikohozi changu kimeisha baada ya ile tangawizi uliyonilazimisha.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unanikatiza, Mama, na nikikatizwa napata pa kujificha. Ndiyo maana nimempa Stella barua hii. Kila alfajiri anafuata samaki soko la Feri na kuvuka nao kwenda kukaangia huko kwenu, kwa hiyo atakupa mkononi.

Unakumbuka ulivyonicheka ukasema mwanamke mzima, muuza taa za sola, eti anatafuta giza. Cheka tu, haki yako. Lakini tangu Mwalimu Eliasi, mwenyekiti wa chama chetu cha watazama nyota, anipe darubini nichungulie mwezi, mwenzio nimeshikwa. Shida yetu ilikuwa mahali. Huku Kariakoo, hata ukipanda juu ya ghorofa, taa za maduka zimemeza anga lote. Tukihesabu nyota hatumalizi vidole vya mikono. Tukaenda kijiji kimoja upande wa Kisarawe, tukasimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu, mara wanakijiji wakatuzunguka wakidhani sisi ni wapima ardhi tuliokuja kukata mashamba yao. Mwalimu alipowakaribisha watazame mwezi, mzee mmoja akasema hata wale waliowapimia mwaka juzi walianza kwa ukarimu. Tukafungasha.

Ndipo nikakutaja wewe. Chama chetu na kile cha wanafunzi wa huko Kigamboni tulikuwa tumekubaliana tutafute uwanja mmoja tutumie pamoja, na hakuna aliyekuwa na giza zuri kama lile la nyuma ya nyumba yako. Ulitukubalia bila masharti, ukatuchemshia mihogo, ukamwita Mwalimu Eliasi mwanangu na mvi zake zile. Hadi leo wanachama wakinikuta wanakuulizia wewe kwanza, mimi baadaye.

Sasa Mama, kaa vizuri.

Ile taa ya njia ya chooni, aliyokufungia jirani yako fundi Rajabu, haikuharibika. Mimi ndiye niliyefungua waya. Taa niliitoa mwenyewe dukani kwangu nikakuletea ili usianguke, na ni ya ile aina inayojiwasha giza likiingia, haina swichi. Usiku ule tulipokuja na darubini ilikuwa inatumulika machoni. Sayari ya Zohali ilikuwa imechomoza, watu ishirini wamevuka na pantoni kwa ajili yake, na mimi niliona aibu kukuomba ukae gizani kwa ajili ya starehe yangu. Ulipoingia ndani kusali rozari nikapanda kwenye stuli nikaufungua. Ulipouliza nikasema labda betri. Nilinuia kuurudisha kabla hatujaondoka. Kisha nikaiona ile pete nyembamba ya Zohali kwa macho yangu, nikasahau kila kitu, hata wewe.

Nilikumbuka tukiwa kwenye pantoni, hatujafika Magogoni. Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa, Mama, kuliko pale kwenye stuli. Simu ilikuwa mkononi. Nilijua nikipiga utaniuliza kwa nini nilikudanganya, nikajiambia ni usiku mmoja tu, kesho nitamwomba Rajabu airekebishe. Alfajiri ukatoka, ukaanguka.

Juzi nilikwenda kwa Rajabu kumwambia ukweli, maana nilishindwa kula. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza. Alipopanda kuitazama taa alikuta waya umefunguliwa taratibu kwa mkono, na skrubu zimepangwa juu ya ukuta. Nikamuuliza kwa nini basi alikuambia kwamba yeye ndiye aliyefunga vibaya. Akasema mama mgonjwa akimkosa fundi atapata mwingine, lakini akimkosa mwana atampata wapi. Mwezi mzima amepita mlangoni kwako akitoa shikamoo, na wewe unageukia ukuta. Nyumba tatu hapo mtaani zimeacha kumpa kazi kwa neno lako. Nililia palepale kwenye kibanda chake mpaka akanipa kitambaa cha kufutia grisi, nikajipaka uso mzima, tukacheka kidogo.

Chama nacho nimekiambia. Mwalimu Eliasi akasema uwanja ule hatuukanyagi tena mpaka useme wewe mwenyewe. Wametengeneza kofia ya bati ili taa imulike chini, njiani tu, na swichi yake itakaa kando ya kitanda chako, uwashe na kuzima wewe. Ukiamua tusije tena, taa itabaki hivyohivyo, yako.

Nisamehe, Mama. Sikuharakishi. Kasirika mpaka uchoke, ila wa kukasirikiwa ni mimi.

Nisalimie majirani wote, na mama wa jumuiya anayekuletea uji umwambie nimemshukuru sana. Jumapili baada ya misa nitavuka na kofia hiyo ya bati, nimpitie Rajabu, tuje kuifunga. Tutapiga hodi pamoja, yeye mbele. Nakuomba uitikie shikamoo yake kwanza, kwa sauti, majirani wasikie. Yangu inaweza kusubiri.

Ni mimi mwanao,
Blandina