Jiko la gesi limepita mlangoni kwangu

Agustina, umeshaona wapi zawadi ikapita kwa mke mkubwa ikateremshwa kwa mke mdogo?

Leo! Mwanangu Stanslaus kapata dhahabu kule Nyangoto, kampelekea Modesta, mke mwenzangu, jiko la gesi. Pleti mbili, kioo cheusi juu!

Mimi nimechuchumaa naziba nyufa za jiko langu kwa udongo wa kichuguu. Matope hadi viwikoni.

Eti, “Mama, si kila mwaka unasema hili lako ukilikandika linatosha?”

Modesta anacheka: “Dada, uje uchemshie chai kwangu.”

Chai! Kwake!

Nikautupa ule udongo. “Stanslaus, silikandiki tena. Mimi ndiye niliyekuzaa. Na mimi nataka la gesi.”