Sehemu ya Pili, Raundi ya Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa! Ile picha ya bondia mwoka mikate imetoka sehemu ya pili, na Bosi Kipara, mwenye ukumbi wa video, kanipa flashi niende nayo nyumbani nikapike maneno ya Kiswahili. Mtafsiri wake kahamia ukumbi mwingine. Jumamosi mchana naingia mimi, mimi mwenyewe, na maiki. Nikiushika ukumbi, kazi ni yangu. Nikiboronga, narudi kuchana tiketi mlangoni. Nimemwambia alale usingizi, mdomo huu ulizaliwa kabla yangu. Shule niliiachia njiani, lakini lugha ya picha naielewa. Nisiyoielewa natunga. Nani atabisha?

Jumanne, 5 Machi

Nimeitazama yote. Maoni ya mtaalamu: tamu kuliko ya kwanza! Bingwa sikio moja limekufa kwa makonde, na anaficha. Kengele ya raundi anaisikia kwa bahati tu. Mpinzani ni rafiki yake wa mazoezi, siri anaijua, kwa hiyo kila mara anamzungukia upande ule uliokufa. Na si shetani, maskini — ana aibu, unaiona machoni.

Ila kasoro, jamani! Muziki wa mazoezi: nimekwenda kuoga, nimerudi, bado anaruka kamba. Ngumi zinalia kama milango ya gari. Refa anahesabu kumi kama mtu anayezitafuta mfukoni. Na uongo mkubwa: mke alale na kiziwi kitanda kimoja asijue? Nikacheka mpaka nikakohoa.

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakucheka. Kasema mke anajua, anajifanya hajui, na mimi nitajulia wapi mambo ya ndoa wakati hata soksi zangu sijui zilipo.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee wangu ni fundi makochi, lakini zamani alipigana ulingoni. Hasimulii. Pambano lake kubwa alishindwa, basi. Leo nimerudia picha, yeye kanipa mgongo, anapigilia kitambaa kwenye kochi la mteja. Kumbe jicho lipo! Kila dakika anatupa neno. Mkono wa kushoto huo unashuka. Miguu hiyo ya harusini. Huyu angelala raundi ya pili, mama yake angekuja kumchukua. Nimecheka, nimeyaweka yote kichwani. Dhahabu!

Nikamuuliza: na wewe, Baba, siku ile ilikuwaje? Nilikuwa kwenye stuli kushoto kwake. Akapigilia msumari. Nikarudia. Nyundo tu. Mzee akiamua kukupuuza, anakupuuza kwa moyo wote.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika.

Haya. Ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Nikaachia utani wa Mzee wote — miguu ya harusini, mama njoo umchukue — watu hoi, wanagonga viti. Mimi mfalme! Halafu ikafika pale bingwa anapolia peke yake, na ukumbi ukaendelea kucheka. Nikajaribu kuwatuliza kwa sauti ya huzuni, wakacheka zaidi. Mwisho wakamshangilia mpinzani. Bosi kasema nimemuua bingwa wake kabla ya raundi ya kwanza. Kesho mchana narudia; nikiboronga tena, mlangoni kunanisubiri.

Nyumbani nimewasimulia. Mzee kanyanyua kichwa, kaniuliza saa ngapi hiyo kesho.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nyuma ya spika, tochi mdomoni. Umeme umekatika! Raundi ya tisa, ya mwisho, bingwa yuko kwenye kamba. Madirisha yamezibwa mablanketi, giza tupu. Na leo nilikuwa moto! Utani niliubana, ukumbi wote ulikuwa mkononi mwangu. Wakaanza kudai hela za tiketi zao. Bosi anatokwa jasho mpaka kwenye kipara.

Ndipo sauti ikatoka viti vya pembeni. Ya Mzee! Alikuja kweli, na shati lake la kutokea. Alhamisi hakuitazama picha hii hadi mwisho, lakini kaendelea pale pale ilipokatikia. Kasema: sasa hasikii watu. Anasikia damu yake tu. Kengele haijalia, yeye kadhani imelia, kashusha mikono kwa sababu kamwona refa amesogea. Refa hakusogea kwa ajili ya kengele. Ngumi inatoka upande ambao hauna sauti. Unajikuta unatazama taa.

Unajikuta. Kasema unajikuta, si anajikuta.

 Nikaikumbuka Alhamisi. Ile stuli. Kushoto kwake. Miaka yote naona Mzee ananipuuza! Na Mama na nguo zake: mke anajua.

Huyo ni baba yangu, nyie! Hana maiki, hana picha, na hakuna anayekohoa.

Umeme umerudi. Bingwa kaganda kwenye skrini, mikono juu. Watu wanapiga kelele: zima! Mwache mzee amalize! Zima hiyo! Wanaopiga kelele wako kushoto kwake. Yeye anaongea tu, taratibu, hajui wanamtaka.

Bosi kidole kipo kwenye swichi, ananiuliza kwa macho. Maiki ninayo mimi.

Nampelekea. Napita kulia kwake.