Mama Sekela, Mtoto Anataka Kurudi Kwenye Raga

Mke wangu, Mama Sekela,

Sijui nikuulize hujambo au nisikuulize. Ngoja nianze na habari za mtoto, maana hata ulipokuwa hai ndizo ulizokuwa unaziuliza kwanza nikiingia mlangoni. Sekela ni mzima. Amerefuka mpaka sketi ya shule imempanda magotini, na kabla shule hazijafungwa aliniambia anataka kurudi kwenye raga.

Nimekaa hapa kibandani kati ya matairi, foleni ya malori ya mpakani imesimama mbele yangu, na sina wa kubishana naye. Ubishi wa raga ulikuwa wetu sisi wawili. Wewe upande wako, mimi wangu, na mtoto katikati anajifanya anasoma.

Unakumbuka siku alipoleta ule mpira nyumbani? Mwalimu wao kijana, yule aliyehamia kutoka Arusha, alimpa auhifadhi. Mimi nikauona umechongoka kama papai, nikajua umekanyagwa na gari. Fundi matairi nitaachaje? Nikauchukua, nikauweka kwenye kompresa, nikajaza upepo nikisubiri urudi kuwa duara. Nikajaza, nikaugeuza, nikaupigapiga kwa kiganja, nikajaza tena. Dereva mmoja wa Zambia, anayeniita Baba Sekela kwa lugha ya kwao, akaniambia, "Bashi Sekela, utaupasua huo, ndivyo ulivyozaliwa." Wewe ulikuwa umeniletea chakula. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye rimu na kujifuta machozi kwa khanga. Nilinuna siku nzima. Leo ningetoa kila nilicho nacho unicheke namna ile.

Jumamosi iliyofuata nikaenda uwanjani kuona huo mchezo wenyewe. Nikakuta binti mmoja amekumbatiwa kiunoni na mwenzake, akainuliwa, akabwagwa, na wengine watatu wakamlalia juu, na mwalimu anapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikakwambia hapana. Nikakwambia shingo ya mtoto siyo tairi, haizibwi. Mtoto mwenyewe ni mmoja, tuliyemngoja mpaka dada zangu kule Iyula wakaanza kunitafutia mke mwingine.

Wewe hukupandisha sauti. Ulikuwa unachambua maharage, ukaendelea kuchambua. Ukasema, "Baba Sekela, mji huu wanapita wanaume wengi. Mimi nataka binti yangu ajue kumwangusha mtu."

Hapo ulinigusa, kwa sababu barabara hii naijua kuliko wewe. Nawaona mabinti wa umri wake wanavyoitwa kutoka kwenye malori, na nawaona wanaoitika. Lakini hofu haikunitoka. Tulibishana wiki baada ya wiki. Mimi nikileta kichwa, kwamba mtoto akigonga kichwa leo anaweza kuja kusahau mambo akiwa mtu mzima, wewe unaleta jinsi alivyokuwa anaongea kwa kuziba mdomo kwa mkono, na tangu aanze raga mkono ameushusha, anasoma neno kanisani mbele za watu. Mimi nikimleta yule mwenzao aliyevunjika mtulinga, wewe unauliza mbona walioanguka kwenye miti ya maparachichi sijawataja. Mama Sekela, ulikuwa mbishi wewe! Na ulikuwa na akili, maana hukuishia kubishana. Ulimfuata mwalimu, ukamhoji kama polisi. Ukarudi na masharti: kinga ya meno lazima, wafundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha, na atakayegonga kichwa akae pembeni mpaka daktari aseme. Nikakubali huku nimekunja uso.

Kwenda kutazama sikwenda tena. Kila Jumamosi nilisema nina wateja. Ulikuwa unajua ni woga, lakini hukuwahi kunitahayarisha. Ulikuwa unaenda wewe, unasimama kwenye mstari na khanga yako begani, halafu unarudi na kunisimulia taratibu kana kwamba unamlisha mgonjwa uji. Mimi hofu yangu niliiweka kwako. Nadhani sote wawili tulijua hivyo.

Halafu msimu wa kuvuna kahawa ulipofika, ukaenda Iyula kuwasaidia dada zangu. Hukwenda kokote kwa hatari. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, kivulini, unachagua kahawa mbovu na nzuri, unapiga soga. Wanasema ulilalamika kichwa kinauma, ukaomba maji, na maji yalipofika ulikuwa huwezi kushika kikombe. Gari lilipatikana upesi. Lakini ulikuwa umeshaondoka kabla hawajafika kwenye lami.

Tangu tukuzike, Sekela hakugusa mpira. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa anatoka shule, anapika, anaosha vyombo, anakaa. Nikimsemesha ananijibu "ndiyo baba" na "hapana baba," na mimi nami si mtu wa maneno, unajua. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nachelewa kwa makusudi kufunga kibanda. Na aibu moja nikwambie: nilifurahi kidogo kwamba raga imekufa. Nikajiambia angalau hilo moja limeondoka.

Ndipo akaja kusema anataka kurudi. Alisema akiwa amenipa mgongo, anasonga ugali. Mimi nikatoka nje na simu. Dada zangu nilipowapigia walisema, "Umebakiziwa mmoja. Akivunjika shingo, marehemu utamwambia nini?" Kwa kweli nilitaka kukataa. Lakini nilitaka kukataa kwa mdomo wa mtu mwingine, ili mtoto asinichukie. Nikamkumbuka mama yako. Nikajisemea, mama aliyezika binti hawezi kuruhusu mjukuu akabwagwe chini. Mtoto ana pande mbili, nitaupelekea upande wa mamaye uamue, na upande wa mamaye utasema hapana.

Basi tukapanda kwenda kwa mama yako Ibaba, mimi na Sekela. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kwenu ile inayoingia kwenye mifupa. Mama alitupokea vizuri, akatuchomea viazi, na ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria njia nzima. Wewe hukuwepo.

Maana mimi na mama yako, miaka yote ya ndoa yetu, hatujawahi kusemezana ana kwa ana. Adabu ya mkwe kwetu na kwenu ni ile ile: nakaa upande wangu, namwangalia pembeni, na maneno yangu yanapita kwa mtu wa tatu. Mtu huyo alikuwa wewe. Ulikuwa unatukalisha, unageuka huku na huku, "Mama, anasema hivi," "Baba Sekela, mama anasema hivi," na ukichoka unatuongezea chumvi ya kwako. Sasa tumekaa watu watatu chumbani, na wa kupitisha maneno ni Sekela mwenyewe.

Nikafikiria kuahirisha. Lakini mama akakohoa, akamwambia mjukuu wake, "Muulize baba yako amekuja na neno gani."

Nikasema, "Mwambie bibi kwamba unataka kurudi kwenye mchezo wa kuangushana."

Akasema.

Nikaongeza, "Mwambie baba anaogopa."

Sekela akanitazama. Nadhani hakuwahi kunisikia nikilitaja neno hilo. Akageuka, akasema taratibu, "Bibi, baba anaogopa."

"Muulize anaogopa nini."

Hapo, mke wangu, maneno yakanitoka. Nikamwambia amwambie bibi kwamba nikifumba macho namwona mjukuu wake ameanguka na haamki. Kwamba akichelewa kutoka shule naacha tairi nusu na kutoka barabarani kumtazamia. Kwamba nasimama mlangoni kwake asubuhi kusikiliza kama anapumua. Kwamba nikimpoteza na yeye, sitakuwa na sababu ya kufungua kibanda. Na mtoto akayabeba yote, moja baada ya jingine. Hakuruka hata moja. Alikuwa anautetea upande wangu kuliko nilivyoweza kuutetea mwenyewe, huku akijua kwamba upande wangu ukishinda yeye anakosa. Alikaa amenyoosha mgongo. Nikajua huyu ni wako.

Mama akasogeza viazi pembeni. Halafu akasema, "Mwambie baba yako, mwanangu hakuwa anacheza mpira. Mwanangu alikuwa amekaa."

Sekela akageuka kwangu. Akafungua mdomo. "Baba, bibi anasema, mama hakuwa..." Hakumaliza. Akajifunika uso kwa mikono miwili na akalia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi, alikuwa anaangalia tu watu. Nilitaka kwenda kumshika, lakini kwenda kwake kulikuwa ni kumsogelea mama, nikabaki naning'inia katikati nisijue nifanye nini na miguu yangu.

Ndipo mama yako akanigeukia mimi. Akanitazama usoni, mke wangu, akaniita kwa jina langu. Akasema, "Njoo umshike mtoto wako. Adabu yenyewe mwenye kuitunza hayupo." Nikaenda. Tukalia watatu pale chini, mimi na mkwe wangu tukiwa tumeshika mtoto mmoja, na sikuona haya.

Kabla hatujaondoka mama aliniambia neno moja zaidi, na sasa alikuwa ananiambia moja kwa moja. "Usimkalishe mtoto kwa sababu yule mwingine alikufa amekaa. Ila na wewe usijifiche. Nenda ukamwangalie."

Basi nimeenda. Jumamosi iliyopita nilifunga kibanda, na mafundi wenzangu wakanitania kwamba nimeokota dola. Timu ya wasichana kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, walikuwa wamekuja, wakubwa wakubwa, mapaja kama magunia ya mahindi. Nilikwenda kwa mwalimu nikayarudia masharti yako yote, mpaka akaniambia, "Mzee, hayo mama aliniapisha nayo." Nikamtazama Sekela akiweka kinga ya meno. Nikasimama kwenye mstari mahali ambapo nadhani ndipo ulipokuwa unasimama, maana kina mama wawili waliokuwepo walinisogelea, wakanipa pole, kisha wakaniachia nafasi kati yao.

Nikwambie ukweli, ni mchezo mzuri. Sikujua. Sikujua kwamba mtoto wetu anakimbia hivyo, wala kwamba anawapigia wenzake kelele za kuwapanga na wanamtii. Mara mbili aliangushwa, akaruka juu na kucheka, na mimi nikaanza kupumua.

Mara ya tatu alikuwa na mpira, anakimbia ukingoni upande wangu, na binti mmoja wa Nakonde akaja kutoka pembeni. Nilimwona kabla Sekela hajamwona. Nilisikia mlio wa miili ikigongana. Akaenda chini kwa bega, akabiringita, akatulia, uso umeelekea nyasi.

Nilipiga kelele. Nilitaka kumwita yeye, lakini kilichotoka ni "Mama Sekela!" Kwa nguvu zangu zote, uwanja mzima ukasikia. Nilikuita wewe. Nilikuita kama nilivyokuwa nakuita nyumbani jambo likinishinda, nikitegemea utatokea mlangoni unajifuta mikono.

Kina mama wale wakaacha kushangilia. Mwalimu akasimama katikati ya kukimbia. Na Sekela akainua kichwa, mke wangu. Alikuwa hajaumia, pumzi tu ilikuwa imemkatika. Akainuka kwa magoti, ana matope shavuni, akageuka haraka kuangalia kwenye mstari, akatafuta, uso kwa uso, akimtafuta huyo niliyemwita. Nilimwona alivyokutafuta. Kisha macho yake yakafika kwangu, yakakaa hapo.

Akanyanyua dole gumba. "Freshi, baba," akasema. Akarudi kucheza.

Ataendelea kucheza, Mama Sekela. Nimeshamwambia. Nami nitakwenda kila Jumamosi, na kinga ya meno nitaikagua, na kichwa chake nitakilinda kama nisivyowahi kulinda kitu chochote. Ila nilipokuwa narudi nyumbani naye, tumeshikana mikono kama alipokuwa mdogo, sote wawili hatukusema kitu juu ya jina lile nililoliita uwanjani. Tulifika, nikafungua mlango, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke, sikungoja uulize habari za mtoto.

Lala salama.

Mumeo,
Baba Sekela